Kipimo Langoni: Vijana wa Kilatino, VVU na Urithi wa Hofu Nchini Marekani

Wiki chache zilizopita, katika semina ya historia ya afya ya jamii, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Tulikuwa tunasoma takwimu za maambukizi ya VVU nchini Marekani. Aliona kwamba Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi vinavyozungumza Kihispania, ni takriban asilimia 19 ya wakazi wa nchi ile, ilhali mwaka 2022 walikadiriwa kubeba karibu theluthi moja ya maambukizi mapya yote, wengi wao wakiwa vijana. “Mwalimu,” akasema, “nchi ile ina vipimo, ina dawa, ina madaktari. Kijana anayeishi mtaa mmoja na kliniki anangoja nini mpaka augue ndipo apime?”

Nilimjibu harakaharaka: umaskini, lugha, unyanyapaa. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Umaskini na unyanyapaa tunavyo hapa kwetu pia, na bado tumeona foleni ndefu kwenye mahema ya upimaji. Lazima pawe na jambo la ziada katika mazingira ya mhamiaji. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, safari hii kwa historia.

Hoja yangu ni hii: kwa mhamiaji wa Kilatino, kipimo cha afya hakikuanza kama huduma, kilianza kama lango. Kwa zaidi ya karne moja, mtu aliyemtazama mwili na kuchukua damu yake alikuwa mara nyingi ni mtu yuleyule, au ndugu wa karibu wa mtu yuleyule, mwenye mamlaka ya kumrudisha alikotoka. Vijana wa leo hawakuyaona yote hayo kwa macho yao. Hata hivyo, sheria zilizotungwa katika maisha yao na ya wazazi wao zimeendelea kuithibitisha hofu hiyo kila ilipokaribia kusahaulika.

Daraja la El Paso, 1917

Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1917, msichana wa miaka 17 aitwaye Carmelita Torres alikuwa akivuka daraja kutoka Ciudad Juárez, Meksiko, kwenda El Paso, Texas, alikofanya kazi za ndani. Maofisa wa afya wa Marekani walikuwa wameanza kuwalazimisha Wameksiko wa tabaka lake kuvua nguo, kukaguliwa na kuogeshwa kwa dawa ya kuua chawa iliyochanganywa na mafuta kama petroli. Sababu iliyotolewa ilikuwa homa ya tifasi, ambayo kweli huenezwa na chawa. Lakini mwaka mmoja kabla yake, katika jela ya mji huohuo, wafungwa waliokuwa wakiogeshwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo waliteketea kwa moto. Carmelita alikataa kushuka kwenye tramu. Wanawake wengine wakamuunga mkono, na ndani ya saa chache maelfu walikuwa wamelifunga daraja.

Maandamano hayo yalizimwa baada ya siku chache, na uogeshaji ukaendelea kwa miongo kadhaa. Mpango wa vibarua uliojulikana kama Bracero, uliodumu kuanzia 1942 hadi 1964 na kusaini mikataba ipatayo milioni 4.6, uliwapitisha wanaume wa Kimeksiko katika vituo vya ukaguzi ambako walipangwa uchi kwenye mistari na kunyunyiziwa DDT kabla ya kupelekwa mashambani. Aliyeonekana hafai alirudishwa. Aliyefaa alipewa kazi, na mara nyingi ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa dola kuonyesha kuujali mwili wake.

Nayataja haya kwa sababu mara nyingi tunasoma historia ya UKIMWI kana kwamba ilianzia mahali patupu. Virusi vilikuwa vipya. Uhusiano kati ya daktari wa serikali na mhamiaji ulikuwa wa zamani, na ulishakuwa na umbo lake.

Kutoka maabara hadi idara ya uhamiaji

Taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI ilichapishwa na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, tarehe 5 Juni 1981, ikiwahusu vijana watano wa Los Angeles. Kirusi chenyewe kilitambuliwa Paris mwaka 1983. Kipimo cha kwanza cha damu kiliidhinishwa Marekani Machi 1985.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawalitegemei. Kipimo hicho hakikutolewa kwa ajili ya mgonjwa. Kiliidhinishwa kwa ajili ya benki za damu, ili damu yenye virusi isimfikie mtu mwingine. Mwaka huohuo jeshi la Marekani likaanza kukitumia kwa vijana waliotaka kujiunga nalo. Dawa haikuwapo bado, hivyo mwenye kupimwa hakuwa na faida kubwa ya kujua. Kipimo kilikuwa chujio: kiliwatenga wachache ili kuwalinda wengi.

Mwaka 1987 chujio hilo likapelekwa mpakani. Baraza la Seneti, kwa hoja ya Seneta Jesse Helms wa North Carolina na bila kura hata moja ya kupinga, liliitaka serikali iingize VVU katika orodha ya magonjwa yanayomzuia mgeni kuingia nchini. Tangu mwishoni mwa mwaka huo, kila mwombaji wa ukaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 15 na zaidi alitakiwa kupima.

Wakati uleule, sheria ya uhamiaji aliyoisaini Rais Reagan Novemba 1986 ilikuwa imewafungulia wahamiaji wasio na vibali nafasi ya kuhalalisha makazi yao. Watu wapatao milioni 2.7 walinufaika, wengi wao kutoka Meksiko. Kwa familia za Kilatino hilo lilikuwa tukio la kizazi kizima. Lakini kwenye njia hiyohiyo ya kuelekea uhalali aliwekwa daktari mwenye sindano, aliyeteuliwa na idara ya uhamiaji. Aliyekutwa na virusi aliweza kuomba msamaha maalumu, kwa sharti, pamoja na mengine, la kuonyesha kwamba hataigharimu serikali. Kwa maneno mengine, mtu aliyetoka kuambiwa kuwa anaumwa alitakiwa kwanza aahidi kutotibiwa kwa fedha ya umma.

Fikiria somo ambalo jamii ililipata. Kabla ya kijana wa Kilatino kukutana na kipimo cha VVU kama ushauri wa muuguzi, alikutana nacho kama kipengele cha fomu ya uhamiaji. Taarifa hiyo ilienea kwa mdomo, jikoni na mashambani, kama zinavyoenea taarifa zote za watu wasioiamini serikali.

Wataalamu wa afya walipinga. Mwaka 1991 Waziri wa Afya, Louis Sullivan, alipendekeza VVU iondolewe kwenye orodha, kwa kuwa haiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kwa hewa kama kifua kikuu. Barua za upinzani zikamiminika na pendekezo likarudishwa nyuma. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliopangwa kufanyika Boston mwaka 1992 ukahamishiwa Amsterdam. Badala ya kulegea, mwaka 1993 Seneti ilipiga kura 76 kwa 23 kuibakiza marufuku hiyo, na ikaandikwa rasmi katika sheria. Katika miaka hiyohiyo, wakimbizi wa Haiti waliokutwa na VVU walizuiliwa kambini Guantánamo hadi mahakama ilipoamuru waachiwe mwaka 1993.

Pedro Zamora na wiki moja ya Novemba

Pedro Zamora alizaliwa Kuba na kuvuka bahari mwaka 1980, akiwa na miaka minane, katika msafara mkubwa wa mashua kutoka bandari ya Mariel. Alikulia Miami. Akiwa na miaka 17, mwanafunzi wa sekondari, alijitolea damu shuleni, na kwa njia hiyo akajua kwamba ana VVU. Tazama tena kile nilichokisema juu ya chujio: kijana huyu hakupimwa kwa sababu kuna mtu aliyejali kama yu mzima. Alipimwa kwa sababu kuna mtu aliyejali kama damu yake ni salama kwa wengine.

Zamora aliamua kusema hadharani. Alizunguka mashuleni, mwaka 1993 alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani, na mwaka 1994 alionekana katika kipindi cha televisheni cha vijana kilichorekodiwa San Francisco, kikatazamwa na mamilioni. Alisisitiza jambo moja: kwamba elimu aliyopewa shuleni haikumgusa mtu kama yeye. Pamoja na umaarufu wote, hakuwa na bima ya afya. Alipozidiwa, matibabu yake yaligharimiwa kwa mfuko maalumu.

Alifariki tarehe 11 Novemba 1994, akiwa na miaka 22. Siku tatu kabla yake, tarehe 8 Novemba, wapiga kura wa California, jimbo ambalo kipindi chake kilirekodiwa, walipitisha kwa takriban asilimia 59 Pendekezo Na. 187. Pendekezo hilo liliwanyima wahamiaji wasio na vibali elimu ya umma na matibabu yasiyo ya dharura, na likawataka watumishi wa afya watoe taarifa za waliowashuku kwa idara ya uhamiaji. Mahakama iliizuia sheria hiyo na sehemu zake kuu hazikutekelezwa kamwe. Lakini kura zilikuwa zimehesabiwa, na wahamiaji walizisikia zikihesabiwa. Sheria inaweza kufutwa na jaji kwa siku moja. Kinachobaki kwa mama aliyeacha kumpeleka mwanawe kliniki hakifutwi na hukumu.

Mwaka 1996: dawa inafika, mlango unafungwa

Julai 1996, katika mkutano wa Vancouver, dunia ilithibitishiwa kwamba mchanganyiko wa dawa tatu unaweza kuvifubaza virusi na kurejesha uhai. Tangu hapo maana ya kipimo ikabadilika kabisa. Kujua mapema hakukuwa tena hukumu, kulikuwa njia ya kuendelea kuishi.

Wiki chache baadaye, tarehe 22 Agosti 1996, Rais Clinton alisaini sheria ya kurekebisha ustawi wa jamii. Wahamiaji wengi halali walioingia baada ya hapo walizuiwa kutumia Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, kwa miaka mitano ya kwanza. Wasio na vibali waliachiwa matibabu ya dharura tu.

Watunga sheria waliacha matundu mawili au matatu, na ni haki kuyataja. Sheria hiyo iliruhusu chanjo na upimaji wa magonjwa ya kuambukiza bila kujali kibali. Sheria ya Ryan White ya mwaka 1990, iliyopewa jina la kijana wa Indiana aliyefariki mwaka huo, iligharimia dawa za VVU kwa wasio na uwezo, na haikuuliza uraia. Vituo vya afya vya jamii, vilivyoanza miaka ya 1960, pamoja na huduma za vibarua wa mashambani zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, navyo viliendelea kupokea mtu yeyote.

Kwa hiyo mtumishi wa serikali makini anaweza kuniambia: kwa maandishi, kijana asiye na kibali angeweza kupima na hata kupata dawa. Ni kweli kabisa. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haki iliyofichwa kama kipengele kidogo ndani ya sheria ya kufukuza haiwezi kusomwa na yule inayemhusu. Yeye husoma kichwa cha habari, na kichwa cha habari kilisema: hutakiwi.

Marufuku inaondoka, hofu inabaki

Marufuku ya kuingia na VVU iliondolewa kwa hatua mbili. Mwaka 2008 Rais Bush alisaini sheria ya kuendeleza PEPFAR, ule mpango wa dawa ambao sisi Afrika Mashariki tunaufahamu vizuri, na ndani yake kikafutwa kile kipengele cha 1993. Utawala wa Obama ukakamilisha kanuni, na tarehe 4 Januari 2010 VVU ikatoka kwenye orodha. Hadi siku hiyo, kijana wa Kitanzania au Kikenya aliyeshinda bahati nasibu ya viza, na mkimbizi wa Burundi au Kongo aliyetoka kambini kwetu, walipita katika chujio lilelile lililowekwa mwaka 1987. Nchi iliyokuwa ikilipia mabango yetu ya kuhamasisha upimaji ilikuwa ikiutumia upimaji huohuo kufunga malango yake.

Lakini mwaka uleule wa 2010, sheria kubwa ya bima ya afya iliwakataza wasio na vibali kununua bima katika soko jipya la serikali, hata kwa fedha zao wenyewe. Juni 2012 vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto walipewa nafuu ya kutofukuzwa, ile iitwayo DACA. Miezi miwili baadaye wakatolewa katika soko hilo. Walipofunguliwa mlango huo Novemba 2024, haukukaa wazi hata mwaka mmoja. Mwezi mmoja baada ya nafuu ya 2012, yaani Julai, dawa kinga ijulikanayo kama PrEP iliidhinishwa, pamoja na kipimo cha kujipima nyumbani. Zana za kuzuia maambukizi zikafika mikononi mwa kizazi hicho wakati bima ikiondolewa mikononi humohumo.

Kisha ikafufuliwa dhana ya “mzigo kwa umma”, iliyokuwamo katika sheria za uhamiaji tangu 1882. Kanuni iliyopendekezwa mwaka 2018 na kutumika kuanzia Februari 2020 ilipanua orodha ya misaada inayoweza kumkosesha mtu ukaazi. Kanuni hiyo haikugusa upimaji wa VVU. Hata hivyo, uchunguzi wa taasisi ya Urban Institute uliofanywa Desemba 2018, kabla kanuni haijaanza kutumika, ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya saba katika familia za wahamiaji alisema yeye au jamaa yake ameepuka msaada wa umma kwa hofu. Kanuni ilifutwa mwaka 2021. Januari 2025 ukafutwa mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini, shuleni na makanisani, na miezi michache baadaye taarifa za wanufaika wa Medicaid zikakabidhiwa kwa Wizara ya Usalama wa Ndani. Lile daraja la El Paso likajengwa upya, safari hii ndani ya kompyuta.

Walioubadilisha mlango

Nisingependa msomaji abaki na picha ya vijana waliokaa tu wakiogopa. Mwaka 1983 wakimbizi wa El Salvador waliokimbia vita walipata zahanati yao jijini Washington, La Clínica del Pueblo, iliyotoa huduma kwa Kihispania na haikuuliza karatasi. Los Angeles, mwaka 1989, wanaharakati wa Kilatino walianzisha Bienestar kwa sababu kampeni za wakati huo zilizungumza Kiingereza na kuwalenga wengine. Kila mahali walitumiwa *promotores*, wahudumu wa afya wa jamii, wenzao hasa na wahudumu wetu wa vijijini: jirani anayefahamika, anayegonga mlango jioni, asiyevaa sare.

Waligundua kwamba swali la kwanza la kijana si “nina VVU?” Swali la kwanza ni “nani mwingine ataona jibu langu?” Palipokuwa na jibu linaloeleweka kwa swali hilo la pili, watu walipima. California nayo, jimbo la Pendekezo Na. 187, ilianza kubadilika: mwaka 2016 ilifungua Medicaid yake kwa watoto wote bila kujali kibali, mwaka 2020 kwa vijana wa miaka 19 hadi 25, na Januari 2024 kwa watu wazima wa rika zote. Ilichukua takriban miongo mitatu, na hata hivyo mwaka 2025 jimbo likaamua kusitisha uandikishaji mpya wa watu wazima wasio na vibali kutokana na bajeti.

Wapo watakaosema kwamba kila nchi ina haki ya kujua afya ya mgeni na kulinda hazina yake. Siikatai haki hiyo kwa jumla. Ninachokataa ni hesabu yake. Tangu 1986 sheria ya Marekani inazitaka hospitali zimpokee mgonjwa wa dharura yeyote. Aliyeogopa kipimo cha bei nafuu hufika hatimaye akiwa kwenye machela, kwa gharama kubwa zaidi. Tena mtu anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Kumtibu mhamiaji ni kumlinda pia raia anayelala naye.

Kwetu

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Kijana yule wa mtaa wa kliniki hangoji kuugua. Anasubiri kuhakikishiwa kwamba kliniki si ofisi ya uhamiaji, na historia ya nchi anayoishi haijampa uhakika huo kwa muda wa kutosha.

Swali hilohilo linatuhusu. Maelfu ya vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba hupimwa VVU kabla ya kusafiri na tena wakifika, na anayekutwa navyo hurudishwa. Ni nani huwapokea wakirudi, na ni nani huwapa ushauri kabla ya kupelekwa maabara na wakala? Mwaka 2019 Bunge letu lilishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15 na kuruhusu kujipima. Ilikuwa hatua njema. Lakini tujiulize pia: kijana wa Kirundi au wa Kikongo anayeishi kati yetu bila kibali, akiingia katika zahanati yetu leo, ataulizwa nini kwanza? Anaumwa nini, au ametoka wapi?

Ninyi mlio watumishi wa umma mnalijua jibu kuliko mimi. Ningefurahi kulisikia katika semina ijayo.